Saa ya Mtahiniwa Isimame



Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba unapokaribia, Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania huita waandishi wa habari. Hutaja idadi ya watahiniwa, huwaonya wenye nia ya kufanya udanganyifu, huwakumbusha wamiliki wa shule wasiwaingilie wasimamizi kazi yao. Halafu hufika kwenye sentensi ambayo kwa wengi wetu huingia sikio hili na kutokea lile: watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine.

Sentensi hiyo ni nzuri, na waliopigania iwepo wanastahili shukrani. Mtoto asiyeona, anayesoma nukta nundu kwa ncha za vidole, hawezi kuutupia macho ufahamu kama mwenzake na kujua jibu liko aya ya ngapi. Anaupapasa mstari kwa mstari, na akisahau kilichosemwa mwanzo anarudi kupapasa upya. Mtoto huyo shida yake ni mwendo, na ukimpa dakika zaidi umemtendea haki yake.

Leo nataka tumzungumzie mtoto mwingine, yule ambaye kusoma na kuandika kwake hakuna kasoro, ila mwili ndio unaomkatalia katikati ya karatasi. Huyu ukimwongezea nusu saa mwishoni, umemwongezea nusu saa ya kukaa kwenye dawati huku anaumwa. Anachohitaji ni kusimama, kunywa maji, kunyoosha mgongo, kulala chali kwenye benchi dakika kumi, kisha arudi akute saa yake ilikuwa imesimama ikimngoja.

Chukua selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huu duniani; inakadiriwa watoto takriban 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Hesabu hiyo inatosha kukuambia kwamba hakuna mkoa ambao hauna mtahiniwa mwenye selimundu, na shule kubwa inaweza kuwa nao kadhaa bila mwalimu wa darasa kujua. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa duara, zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza, kwenye magoti, mgongoni, kifuani. Baridi inayachochea. Kukaukiwa maji kunayachochea. Na hofu pia, ambayo siku ya mtihani ni ya bure kwa kila mtu.

Kuna jambo moja la ugonjwa huu ambalo wasimamizi wengi hawaambiwi. Figo za mwenye selimundu mara nyingi hazina uwezo wa kukoleza mkojo kama za kwako na zangu. Maji yanayoingia yanatoka haraka. Kwa hiyo mtoto ameagizwa na daktari anywe maji mengi ili damu yake isije ikagoma, na akinywa lazima atoke. Sasa mweke kwenye chumba cha mtihani ambako chupa ya maji inatazamwa kama kibomu, na akiomba ruhusa mara ya tatu msimamizi anamkazia macho. Atafanya nini? Ataacha kunywa. Na akiacha kunywa, jioni yuko wodini, na karatasi ya kesho haifanyi.

Si huyo peke yake. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili kali kama wembe, lakini kuandika ukurasa mmoja kunamchosha misuli kuliko mwenzake aliyeandika minne. Baada ya saa moja mkono unakaza, kalamu inaponyoka, na mwandiko unaanza kuwa wa mtu mwingine. Msahihishaji aliyeko mbali hajui kilichotokea. Anaona majibu ya mwanzo yanasomeka na ya mwisho hayasomeki. Mtoto mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu na macho yanayochezacheza bila yeye kutaka, anasoma kwa kuinamia karatasi karibu kuigusa kwa pua. Jaribu wewe kuinama hivyo dakika arobaini mfululizo, jua la dirishani likikupiga usoni, ndipo uniambie shingo inasemaje. Hata huyo asiyeona niliyemtaja mwanzo, akitoka kusoma akaanza kujibu, anatumia mashine ya Perkins yenye vitufe sita vya nukta ambavyo ni lazima uvibonyeze kwa nguvu ili nukta zitokeze kwenye karatasi nene. Insha nzima kwa mashine hiyo ni kazi ya mabega. Kwake yeye dakika za nyongeza na pumziko vyote viwili vinahitajika, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Halafu yuko mwenye kisukari anayechoma insulini. Sukari ikimshuka anatoka jasho, anatetemeka, maswali yanaanza kuchanganyikana. Utaratibu wa kitabibu unajulikana: ale kitu chenye sukari, angoje kama dakika 15, apime tena, na ikiwa bado iko chini arudie. Dakika hizo 15 hakuzichagua yeye. Ubongo wake katika muda huo haufai kwa mtihani wowote, na kuiacha saa iendelee kutembea ni sawa na kumwadhibu kwa kuugua.

Nisije nikaonekana nauza pumziko kama dawa ya kila kitu. Mwenye kifafa akianguka mtihanini, dakika kumi kwenye benchi hazitoshi. Baada ya degedege mtu anaweza kubaki amechanganyikiwa kwa muda mrefu, na pengine karatasi ya siku hiyo imekwisha kwake. Kwa mtahiniwa wa namna hiyo mkuu wa kituo anapaswa kuandika taarifa kwa Baraza ili hali yake izingatiwe. Siyo busara kumwamsha na kumshikisha kalamu eti amepumzika.

Sasa tuangalie wenzetu wanafanyaje, kwa sababu jambo hili kuna mahali limekwisha andikwa mpaka mkato na nukta. Uingereza bodi za mitihani zina chombo cha pamoja kiitwacho Joint Council for Qualifications, JCQ kwa kifupi, ambacho hutoa kanuni za mtihani kila mwaka. Chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, bodi na shule zinawajibika kuondoa vikwazo visivyo vya lazima kwa mwanafunzi mwenye ulemavu. Kanuni za JCQ zina kipengele cha mapumziko yanayosimamiwa. Mratibu wa mahitaji maalumu wa shule ndiye anayeamua nani apewe, kwa sababu ndiye anayemjua mwanafunzi, na hana haja ya kuomba kibali cha bodi kwa kila mtoto. Anachotakiwa ni kuwa na uthibitisho kwamba mwanafunzi ana tatizo kubwa la muda mrefu na kwamba kupumzika ndiyo njia yake ya kawaida ya kufanya kazi darasani. Mtahiniwa akipumzika saa inasimama. Akiwa tayari inaanza tena. Kanuni haikuweka kikomo cha jumla cha dakika. Shule inapima kwa kadiri ya mwanafunzi.

Na kuna sharti moja ambalo nalipenda zaidi kuliko mengine yote. Kabla shule haijaomba nyongeza ya robo ya muda kwa mwanafunzi, inatakiwa kwanza ijiulize kama mapumziko yasingetosha, iyajaribu kweli, na ndipo ipande ngazi ya pili. Wamelitambua lile nililolisema mwanzo: kuna mwanafunzi ambaye ukimwongezea muda unamchosha zaidi.

Utasema, hayo ni ya Ulaya, sisi ni sisi. Subiri kidogo. Bodi ya Cambridge, ambayo mitihani yake inafanywa katika shule za kimataifa hapa Dar es Salaam, kule Arusha, na Nairobi kwa majirani, nayo ina kipengele hicho hicho cha mapumziko yanayosimamiwa, na shule yenyewe inaruhusiwa kukitekeleza. Kwa hiyo mtoto mwenye selimundu katika shule ya ada ya mamilioni anaweza kutoka, akanywa maji, akanyoosha miguu, na saa yake ikasimama. Mwenzake mwenye damu ile ile na maumivu yale yale, aliyeko shule ya serikali mtaa wa pili, pumziko lake linategemea msimamizi wa siku hiyo ameamkaje. Hili ndilo linalonikera. Ujuzi tunao hapa hapa mjini, unatumika kila mwaka kuanzia asubuhi hadi jioni, ila umebaki upande mmoja wa ukuta.

Najua jibu la kwanza litakuwa udanganyifu. Wasimamizi wetu wanafanya kazi chini ya macho ya polisi, wameona vituo vikifutiwa matokeo, na hakuna anayetaka jina lake lihusishwe na mtoto aliyetoka nje ya chumba. Hofu hiyo siidharau. Basi natutazame pumziko linavyoendeshwa likiendeshwa vizuri, ili tuone mwanya wa kuibia uko wapi.

Tuseme karatasi ni ya saa tatu, imeanza saa 2:00 asubuhi. Mtahiniwa wetu amekaa karibu na mlango, mahali palipopangwa tangu jana yake, ili akitoka asiwapite wenzake arobaini. Saa 2:50 anainua mkono. Msimamizi anakuja, hasemi neno. Mtahiniwa anafunga karatasi ya maswali na kitabu cha majibu, anavilaza juu ya dawati, kalamu juu yake. Msimamizi anaandika kwenye fomu: ametoka 2:50. Msimamizi wa pili anafuatana naye mpaka kwenye benchi la barazani, anakaa hatua mbili kutoka hapo. Hakuna kitabu, hakuna daftari, hakuna mtu wa tatu wa kuzungumza naye. Anakunywa maji, ananyoosha miguu, anakwenda chooni akitaka. Saa 2:58 anarudi, na fomu inaandikwa: amerudi 2:58. Dakika nane. Anapumzika tena saa 3:41 hadi 3:51, dakika kumi. Na mara ya mwisho saa 4:30 hadi 4:37, dakika saba. Jumla 25. Wenzake wanaweka kalamu chini saa 5:00, yeye anaweka saa 5:25. Wote wamefanya kazi kwa dakika 180, hakuna aliyepata hata moja zaidi.

Mtu wa namna hiyo ataibia saa ngapi? Katika chumba kile ndiye mtahiniwa pekee mwenye msimamizi wake binafsi. Kama kuna anayetafuta mwanya, atautafuta kwa yule wa dawati la nyuma anayekwenda chooni peke yake. Kinachobaki ni hoja kwamba akiwa nje anafikiria majibu. Ni kweli, atafikiria. Lakini kichwa kilichojaa maumivu hakifikirii vizuri, na maswali hayako mkononi mwake. Faida hiyo ndogo, kama ipo, haifiki robo ya kile anachokipoteza kwa kuugua.

Kuna wanaosema ni upendeleo. Hao nawaalika uwanjani. Sisi ni watu wa Simba na Yanga. Mchezaji akilala chini anatibiwa dakika tatu, mwamuzi wa akiba anainua kibao mwishoni, na hakuna shabiki anayesema dakika zile ni zawadi. Tunakasirika zikiwa pungufu.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, ni watu. Kila pumziko linahitaji msimamizi mmoja zaidi, na vituo vyetu vingine wasimamizi wanahesabika kwa vidole. Shule yenye watahiniwa watatu wa namna hiyo ikiwaweka katika chumba kimoja kidogo, na wasimamizi wawili, imemaliza shida. Wanaweza kutoka na kurudi bila kuwasumbua wengine, na kengele ya saa 5:00 haiwagutushi. Ratiba nayo haibani sana kama watu wanavyodhani. Ukichukua karatasi ile ya saa tatu, ukaweka dakika 30 za nyongeza na 25 za mapumziko, unamaliza saa 5:55. Karatasi ya mchana ikianza saa 8:00, mtoto amebakiwa na saa mbili za kula na kulala kidogo. Tatizo linaanza pale chakula kinapokuwa hakipo, au kunapokuwa hakuna mahali pa kulala, na hapo tena lawama siyo ya saa.

Nikumbushe pia, kwa wale wanaopenda karatasi, kwamba hatuombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa 2006. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Ibara yake ya 24 inazungumzia elimu na inataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake binafsi. Yake binafsi. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Dakika 10 kwa kila saa ni kipimo kimoja kwa wote, na ni rahisi kukisimamia, ndiyo maana kinapendwa. Lakini mwenye kisukari na asiyeona hawana hitaji moja.

Sasa shuleni. Walimu wenzangu, kosa linalofanyika ni kulingoja jambo hili mpaka wiki ya mtihani wa taifa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupumzika katika jaribio lolote hajui kupumzika. Atatoka akiwa amechelewa, maumivu yamekwisha pamba moto. Au hatatoka kabisa, kwa sababu anaona haya wenzake wasije wakamwita mgonjwa. Wapo wanaotumia pumziko lao lote katika saa ya kwanza kwa woga. Mambo haya hujifunzwa kwenye mitihani ya muhula na ile ya utamilifu. Hapo ndipo mwalimu anapogundua kama mtoto huyu anahitaji dakika tano kila baada ya nusu saa au robo saa mara moja katikati, kama akae ndani kwa utulivu au atoke nje apate hewa, kama akumbushwe au aachwe aamue. Kumbukumbu za mitihani hiyo, zikiandikwa tarehe na dakika, ndizo ushahidi mzuri kuliko barua yoyote ya kuombea huruma. Mkuu wa shule akizipeleka kwa afisa elimu zinazungumza zenyewe.

Na msimamizi atakayekuja siku ya mtihani ni mgeni, ametoka shule nyingine, hamjui mtoto. Kwa hiyo asikabidhiwe orodha ya majina peke yake. Apewe karatasi moja, mistari mitano haizidi: mtahiniwa huyu ana nini, ataomba pumziko kwa ishara gani, chupa yake ya maji ina kibali, akipata maumivu makali apigiwe nani, na fomu ya kuandikia dakika ni hii. Asomewe kabla ya saa 2:00. Mtoto asilazimishwe kuueleza ugonjwa wake mbele ya chumba kizima, kwa sauti, siku ambayo angependa kuwa mtahiniwa kama wengine.

Kwa Baraza la Mitihani nina ombi moja. Sentensi ile ya dakika 20 na dakika 10 imefanya kazi kubwa kwa sababu inasomwa hadharani kila mwaka, na hakuna msimamizi anayeweza kusema hakuisikia. Iongezewe ya pili, fupi, isomwe na Katibu Mtendaji mbele ya kamera zile zile: mtahiniwa ambaye hali yake ya kiafya imethibitishwa apewe mapumziko chini ya usimamizi, na dakika za mapumziko zisihesabiwe katika muda wa mtihani. Sentensi hiyo ikishatamkwa, mwalimu wa Nanyumbu na wa Kakonko watakuwa na kitu cha kushika.

Na wewe mzazi unayenisikiliza huku mwanao mwenye selimundu au kisukari yuko darasa la sita, usingoje Septemba ya mwakani. Nenda shuleni wiki hii ukiwa na kadi yake ya kliniki. Muulize mwalimu mkuu mtoto wako atapumzikaje katika mtihani wa muhula ujao, na nani atakuwa akiandika dakika. Ombi lako lipeleke kwa maandishi, ligongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo nyumbani.